Vipimo vinavyong'aa: vifike zahanati zipi za Nyanda za Juu Kusini?

Vipimo vingi vya haraka kwenye zahanati za Mbeya, Iringa na Njombe husomwa kwa macho: mstari wa chembe za dhahabu umetokea au haujatokea. Vingine hutumia chembe zinazong'aa, kama za yuropiamu, aina ya metali. Taa ya LED ya nanomita 365 hivi huzimulika, nazo hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 615 unaosomwa na kifaa kidogo. Siri iko kwenye muda. Karatasi ya naitroselulosi, ambayo sampuli hupita ndani yake, nayo hung'aa, lakini mng'ao wake huzimika ndani ya nanosekunde chache. Wa yuropiamu hudumu mamia ya maikrosekunde. Kifaa kikizima taa na kusubiri kidogo kabla ya kusoma, karatasi imeshanyamaza na mstari hafifu kabisa unabainika.

Kwa kifua kikuu, hoja hiyo ina uzito. Mikoa hii iko juu kitaifa kwa maambukizi ya VVU, na mgonjwa aliyedhoofika mara nyingi hana makohozi ya kutoa. Kipimo cha mkojo kinachotafuta LAM, kipande cha ukuta wa bakteria wa kifua kikuu, humfaa, ila LAM huwa kidogo sana na jicho huwakosa wengi, hasa wenye CD4 (seli za kinga) nyingi. Hapo gharama ya kifaa inastahili.

Kwa malaria, hapana. Vipimo vingi vya haraka vya malaria (mRDT) hutafuta HRP2, protini ya vimelea inayoweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Ukinoa kipimo hicho zaidi, unawanasa pia waliokwisha kupona. Mtoto mwenye nimonia leo anaandikiwa dawa mseto ya malaria, na nimonia inaendelea.

Halafu kuna baridi. Vipimo vingi hutaka nyuzi joto 15 hadi 30, na asubuhi ya Julai kule Makete chumba kiko chini ya hapo. Sampuli hupanda taratibu, antibodi hushika taratibu, na kifaa kilichopangwa kusoma dakika ya 15 hutoa namba ndogo kuliko hali halisi. Pasha chumba kwanza, acha vipimo dakika 30 ndani ya foili iliyofungwa. Ukiifungua ingali baridi, umande unaingia kwenye ukanda.

Vumbi kwenye kioo hupunguza mwanga wa mstari wa kipimo na wa udhibiti (unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi) kwa pamoja, kwa hiyo kifaa kinachogawanya mmoja kwa mwingine hujisahihisha kwa kiasi. Kosa la toleo, yaani fungu la utengenezaji, halijisahihishi: kadi ya toleo moja, inayokieleza kifaa namna ya kugeuza mwanga kuwa namba, ikisomea vipimo vya toleo jingine, namba hutoka safi kabisa, na si sahihi. Kila kasha likae na kadi yake, na namba ya toleo iandikwe kwenye rejesta kando ya jibu.