Fundi Kafungiwa na Marumaru Zake

Pemba hatuna milima ya kutisha; kilima chetu kirefu kabisa hakifiki mita 100. Lakini hayo mwambie ng'ombe aliyekokota marumaru za ami yangu katikati ya masika, udongo mwekundu unateleza, na kila boksi la 60 kwa 60 lina marumaru nne na uzito wa karibu kilo 30. Alifika nusu ya njia akalala na gari lake. Zilizobaki tukajitwika sisi.

Ami yuko Muscat. Nyumba iko kilimani, juu ya Mkoani. Ukikaa barazani unaiona boti ya Unguja ikiingia bandarini. Kuta zimesimama, bati limepigwa, zimebaki kazi za kumalizia, na mie ndiye macho yake.

Sasa, kazi hizi zina zamu yake. Fremu, lipu, dari, marumaru, halafu ndiyo milango, rangi ya mwisho ikafuata. Seremala wetu lakini alikuwa anaoza binti yake, na mapatano yalikuwa amaliziwe hela mlango ukishatiwa. Basi mlango wa chumba cha ami, mfenesi mtupu, chini umechongwa samaki wawili, akautia juu ya jamvi tupu, zege lisilolazwa marumaru bado, na kuuachia upenyo wa sentimita moja. Akachukua chake akenda harusini.

Udongo wa kulazia marumaru sentimita tatu, marumaru yenyewe moja. Piga hesabu.

Fundi wa marumaru simtii ila, kazi yake safi. Mchanga wa pwani aliukataa mbele yangu, maana chumvi yake baadaye hutoka kwenye viungo kama unga mweupe na husafishi ukamaliza. Akataka wa shamba, uchekechwe, karai nne kwa moja ya saruji. Kila akilaza marumaru huigonga kwa nyundo ya mpira, akaweka pima maji, kisha huibisha hodi kwa kidole, sikio kaliinamisha. Ikilia tupu, chini mna hewa, na siku mguu wa kitanda ukiikalia itapasuka. Anaing'oa, anaongeza udongo, anairudisha. Hana haraka hata ya dawa.

Chumba ni mita 3.9 kwa 3.6, maboksi 11 pamoja na ya kuvunjika. Urefu ule unameza marumaru sita nzima, unabaki mstari wa sentimita 30. Desturi ni kuuficha mstari wa vipande ukutani, nyuma ya kitanda, na nzima zikaja mlangoni. Ami akatuma sauti kwenye WhatsApp: nzima zianzie dirishani, kwenye bahari, ndiko wageni watakakotazama. Haya, mkubwa kasema. Vipande vikasukumwa mlangoni.

Na mlango wenyewe umefungwa, kwa sababu ya kuku wa jirani. Chumba cha mwanzo walipita juu ya udongo mbichi, wakauchora mpaka pembeni. Safari hii fundi akajiingizia marumaru, saruji na maji mapema, akachanganyia humohumo, akajifungia. Akalaza kurudi nyuma, kama inavyotakiwa, mpaka mgongo ukagusa ubao. Mashine ya kukatia vipande iko barazani. Akavuta mlango.

Gu!

Ubao wa sentimita 90, marumaru iko 30 kutoka ukutani: mlango ulifunguka kiasi cha shubiri moja na nusu. Kichwa kikatoka, bega likatoka, tumbo likasema mie sendi.

"Yakhe," akaniita, nusu uso iko nje, "huu mlango kautia nani?"

Dirishani nondo za milimita 12, zimeshapakwa rangi. Bawaba ni zile ambazo pini haitoki, na skrubu zimejificha ubavuni mwa fremu. Huzifikii mpaka mlango uwe wazi. Dawa ilikuwa moja: udongo ungali mbichi, aning'olee marumaru mbili za mstari ule wa karibu, mlango upate pa kupita.

"Marumaru zangu haziondoki. Tazama pima maji, povu limelala katikati. Ondoeni mlango."

Nikampigia seremala. Nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele. "Mfenesi ule! Asiuguse mtu!"

Nikampigia ami kwa video. Akamtazama fundi, akatazama mlango, akafikiri sana. "Vyote viwili vyangu," akasema. "Mpeni chai."

Tukampa, na mkate wa ajemi, kupitia upenyoni. Kikombe cha pili kilikuwa kibaya, maana chai haikai milele ndani ya mtu. Adhana ya magharibi ikalia, udhu hana, na hiyo chai inamsukuma. Nikasikia mwiko unakwangua. Marumaru ya kwanza, "astaghfirullah." Ya pili, "astaghfirullah." Zilitoka nzima, hata kona haikumeguka. Mlango ukafunguka, fundi akapita kwa kasi, nasi nyuma yake tunacheka.

Wa kuufunga hakuwapo. Kuku nao, jua limekuchwa, wanatafuta pa kulala. Tuliporudi na tochi, mama na vifaranga vyake wamejipanga palepale marumaru mbili zilipotoka, udongo wameshaupekua wote.

Harusi ilipokwisha seremala akaja. Akaushusha mlango, akakata chini sentimita tatu na nusu; ukitia na ile moja ya mwanzo, nne za sakafu, nusu ya upenyo. Mkato ule akaupaka vanishi mara mbili, kwani ukiachwa mkavu hunywa maji ya kupigia deki, mbao ikafura na mlango ukakwama upya. Kazi nzuri, isipokuwa msumeno ulipita katikati ya samaki.

Ami akataka kuona. Nikaisogeza simu chini. Kimya kidogo.

"Mbona hawa nawaona migongo tu?"

Seremala akainama kwenye kioo. "Bamvua hilo, mzee. Maji yamejaa."