Waya Ulikuwa Mfukoni, Jamani

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile picha, nipeni nafasi na mimi niseme. Ndiyo, aliyelala chali kibarazani ni mimi. Ndiyo, waya wa umeme unaning'inia kutoka mfukoni mwangu. Lakini yule aliyeandika chini yake "fundi wa Chikongola kaunguzwa na kompyuta" ni muuza vocha wa fremu ya pili, na mambo yalipochacha yeye alikuwa wa kwanza kukimbilia barabarani. Muulizeni kandambili yake ya kushoto iko wapi.

Kompyuta ilikuwa ya karani wa ushirika wa korosho. Watu wa Mtwara mnajua msimu ukiingia makarani wanavyokuwa. Imekufa kabisa, feni haizunguki, taa haiwaki. Pawasaplai mpya (kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme) ingepanda basi Dar, ije kesho yake, na karani anataka leo. Kwa kawaida pawasaplai sifungui. Nang'oa, naweka nyingine, ya zamani inaenda kwenye ndoo, na ninyi wanafunzi wa mtandaoni fanyeni hivyohivyo. Hii nilisema niichungulie, huenda ni fyuzi tu, maana hewa yetu ya bahari ina chumvi na inakula vyuma vibaya.

Sasa kwa wanaodai nilivamia tu. Nilizima soketi, nikachomoa plagi, waya wote nikautia mfukoni. Waya ukiuacha mezani atakuja mtu wa kuchaji simu, ataona soketi tupu, atachomeka chochote anachokiona. Ukiwa mfukoni mwangu, anayetaka kuchomeka itabidi aniombe. Saa nilivua. Pete nilivua (mke wangu, ulikuwa unaiulizia, ndiyo hiyo). Miguuni viatu vya soli ya mpira, mikono nimefuta jasho, kwa sababu ngozi ikiloa inapitisha umeme kirahisi kuliko ikiwa kavu.

Na ule mkanda wa mkononi wa umeme tuli, ambao vijana wanauvaa kama bangili, huo nao niliuvua. Mkanda ule ni wa kushikia RAM (vibao vya kumbukumbu) na mazabodi (bodi kuu za kompyuta). Ndani yake kuna rezista (kifaa cha kubana umeme upite kidogokidogo) ya omu milioni moja, kazi yake kuushusha umeme tuli wa mwili wako ardhini polepole usiunguze chipu. Ukifungua pawasaplai, mwili uliofungwa ardhini ni hatari tupu.

Mtaniuliza, hatari gani na waya uko mfukoni? Umeme wa ukutani ni volti 230. Ukishapita kwenye daiodi unakuwa wa njia moja, unafika kama volti 325, na unahifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Hizi pawasaplai za zamani zenye kile kiswichi chekundu nyuma huwa na kapasita mbili, zinagawana nusu kwa nusu. Pawasaplai nzima ikichomolewa, chaji inashuka yenyewe baada ya muda. Iliyokufa ndiyo ya kuogopa: ile sehemu ya kutumia umeme imeshaungua, rezista ya kuumwaga nayo huenda imekatika, basi kapasita zimeshiba zinakusubiri. Na msizimwage kwa bisibisi! Cheche itaruka, ncha itaungua, na kapasita yenyewe unaweza kuiua. Mimi natumia rezista ya simenti, omu 2,200, wati 5, yenye nyaya za klipu zilizovikwa mpira. Naibana kwenye kila kapasita kwa sekunde kumi, kisha napima tena.

Haya yote nilikuwa namfundisha kijana wangu kwa sauti, na mama anayeuza ugali na ming'oko pale mlangoni huwa anayasikia kila siku. Mwisho wa somo ni huu: ukiniona nimenaswa, usinishike. Misuli inajikaza, mkono hauachii, ukinigusa tunanaswa wawili. Kazime meni swichi, ile swichi kuu ya umeme. Ikiwa mbali, nisukume kwa mti mkavu.

Mti mkavu. Kumbukeni hapo.

Haya, nimeinama. Mkono wa kushoto nimeuweka nyuma, kiunoni, kwa sababu umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule unapita kifuani penye moyo. Waya mweusi wa maltimita (kipima umeme) nimeubana kwa klipu upande wa hasi, mwekundu ninao mkono wa kulia. Nimeiweka volti za njia moja, 600. Nimeijaribu kwanza kwenye betri ya UPS (kile kisanduku kinachoshikilia umeme ukikatika), ikasoma 13 na kitu, kwa hiyo haidanganyi. Nagusa kapasita ya kwanza: 148.

"Duh!" kijana akasema.

"Umeona? Na waya uko wapi?"

"Mfukoni, fundi."

Nikajiona profesa. Kibaraza kizima kimya. Hata mama aliacha kusonga, mwiko umebaki mkononi.

Nikabana rezista. 148, 60, 20, 2. Safi. Nikahamia ya pili. Ncha inasogea. Bado kidogo. Nimebana pumzi, jicho kwenye namba. Ncha ikagusa, namba ikaruka 151, na palepale, jamani, sekunde ileile, kitu cha baridi kikanidondokea kwenye kifundo cha mkono.

Kikatulia. Mimi pia nikatulia.

Akili ilijua kila kitu. Ilijua ncha ina mpira, ilijua mkono mmoja uko nyuma, ilijua hakuna njia ya umeme kunipitia. Mwili haukuuliza akili. Kile kitu kikaanza kukimbia, miguu minne, kila mguu unanata, kikaingia kwenye mkono wa koti la kazi. Kiwiko. Kwapa. Kilipofika kwapani nikatoa ile sauti ambayo wengine mmeiweka kuwa mlio wa simu. Sikatai, ni yangu. Nilisema "Mamaaa nakufaaa," na ilikatikakatika kwa sababu mjusi kafiri alikuwa anapita mbavuni.

Sasa tazameni kwa macho yao. Fundi ametoka kuwatajia volti 151. Anatetemeka, mguu unapiga sakafu, mkono mmoja umeganda mgongoni. Halafu wanauona waya mfukoni, na hakuna anayetazama mwisho wake uko wapi.

Kijana alifanya sawasawa. Hakunigusa, alikimbilia meni swichi akazima fremu zote. Mama naye alikumbuka mti. Ukavu ndio alisahau.

Mwiko ulitoka sufuriani moja kwa moja, unachuruzika uji wa moto. Kama ningekuwa nimenaswa kweli, mti uliolowa vile ungemvuta na yeye, na nilitaka kabisa kumweleza hilo, lakini pigo la pili lilikuwa linashuka. La kwanza shingoni. La pili begani. La tatu nafikiri lilikuwa la deni langu la wiki iliyopita. Nikaanguka chali, mjusi akatokea kwenye kola, akakanyaga pua yangu, akaenda zake. Umeme ulivyokatika UPS ikaanza kulia pii, pii, pii, mtu mmoja akapiga kelele, "Hiyo ndiyo roho yake inaondoka!" Nikiwa palepale chini nikamwambia kijana aizime na hiyo, kwa sababu UPS inaendelea kutoa volti 230 kutoka kwenye betri hata kama meni swichi imezimwa. Hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wananimwagia maji, na maji na umeme mnajua wenyewe.

Basi. Kapasita ya pili niliimwaga baadaye. Ndani nilikuta mjusi mwingine, amekauka kati ya miguu ya transista, ndiye aliyeiua pawasaplai na fyuzi. Wanaingia nyuma ya kesi (sanduku la kompyuta), pale kibati cha tundu la kadi kikiwa kimetolewa hakikurudishwa, wanafuata joto na wadudu. Pawasaplai imekwenda kwenye ndoo, mpya imefika na basi, vibati nimeweka, karani kachukua mashine yake akiwa anaziba mdomo.

Dada aliyekuwa saluni chini ya draya, kichwa nusu kikavu nusu kimelowa, anataka hela yake, na mwenye saluni amemwelekeza kwangu. Mama naye ameniandikia kwenye daftari la madeni sufuria nzima ya ugali, pamoja na mwiko, anasema umepasuka. Umepasukia kwenye bega langu, lakini wa kulipa ni mimi.