Bia ya ufundi Lubumbashi: nani atamchora simba?

Mchoraji alikuwa amesimama juu ya kreti mbili zilizopinduliwa, anamalizia sharubu za simba kwenye ukuta wa baa moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Rangi ya manjano ilikuwa imemwishia katikati ya kazi, basi nusu ya manyoya ya shingoni yalitoka kahawia. Mwenye baa hakujali. Alichotaka ni jina lisomeke toka barabarani kabla jua halijazama.

“Simba ao Tembo,” akasema rafiki yangu, aliyerudi mwaka jana baada ya masomo Brussels. “Mji mzima, wanyama wawili.”

Hayo ni majina ya bia zetu mbili. Alitia chumvi, maana friji za mjini zina chupa nyingine pia. Lakini hoja yake nimeisikia kwa wengi siku hizi, hasa vijana waliotembea. Wanataka bia ya ufundi: inayopikwa kidogo kidogo katika kiwanda kidogo, yenye ladha yake na lebo iliyochorwa na msanii, inayonywewa pamoja na chakula kilichochaguliwa kwa ajili yake. Wabelgiji, anasema, walituachia kiwanda tangu miaka ya 1920, mji ukiitwa bado Élisabethville, lakini utamaduni walibaki nao. Kwao kila bia ina glasi yake, nyama ya ng'ombe huchemshwa ndani ya bia, na mwaka 2016 UNESCO iliuandika utamaduni wao wa bia katika urithi wa dunia usioshikika. Sisi tulipewa chupa tu.

Kuna kweli hapo. Jambo hili lilipoanza Marekani lilianza kwa udogo uleule. Mwaka 1965 Fritz Maytag alinunua Anchor, kiwanda cha San Francisco kilichokuwa kinakata roho, na leo nchi hiyo ina viwanda vidogo kwa maelfu. Waanzilishi wa Brooklyn Brewery, kule New York, walimwendea Milton Glaser, yuleyule aliyebuni alama ya kuupenda mji huo kwa moyo mwekundu. Hawakuwa na fedha za kumlipa, wakampa hisa. Herufi B aliyoichora imeizunguka dunia. Mtu wa Lubumbashi akisikia hayo lazima ajiulize: wachoraji tunao, kinachokosekana ni nini?

Upande wa chakula ndiko ninakobishana naye. Nenda kwa mchoma michopo yeyote saa moja jioni. Nyama ya mbuzi inakatwakatwa juu ya karatasi ikiwa bado inatoa moshi, kitunguu kibichi juu, chumvi pembeni, pilipili ya kuponda. Anayekula hiyo huagiza Tembo bila kufikiri. Ile bia nyeusi ina utamu wa nafaka iliyokaangwa, na utamu huo unakutana na ukoko wa nyama iliyoungua kidogo. Mwenye samaki wa kukaanga huchukua Simba, nyepesi, yenye gesi ya kuosha mafuta mdomoni. Mhudumu naye ana swali lake: “Ya baridi ao tampere?” Wazee wengi huchukua tampere, isiyo baridi sana, na wapika bia wakubwa wa Ulaya wangewaunga mkono, kwa sababu baridi kali huficha ladha.

Sasa weka mezani ile bia chungu ya hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, ambayo ndiyo fahari ya viwanda vidogo vya Marekani. Uchungu wa hopsi huwasha moto wa pilipili mara dufu. Rafiki yangu aliileta moja sandukuni, tukaijaribu kwa michopo. Tuliishia kuomba maji.

Tena, kama ufundi ni kupika kidogo kwa mkono, kwa nafaka na mizizi ya mahali, basi mama wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, amewatangulia wote. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe kiasi, kisha mizizi ya munkoyo iliyopondwa inatiwa ndani. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, kazi ileile inayofanywa na shayiri iliyooteshwa. Uji mzito unalegea kama maji mbele ya macho yako. Kesho yake ni kinywaji chenye uchachu mtamu, watoto wanakunywa. Ukikiacha siku kadhaa kinaanza kupanda kichwani. Wajerumani wa Bavaria waliweka sheria mwaka 1516 kwamba bia ni shayiri, hopsi na maji tu. Kwa sheria hiyo munkoyo si bia. Sawa, hata hamira haikutajwa.

Lakini nisidanganye kwa mapenzi ya nyumbani. Munkoyo haitunziki, ukiifunga kwenye chupa inaendelea kuchacha mpaka kifuniko kiruke. Anayetaka kuiuza mbali anahitaji friji, na friji inahitaji umeme usiokatika. Anayetaka bia ya hopsi naye ataagiza hopsi kutoka nje, labda Afrika Kusini, inakolimwa karibu na mji wa George, na shayiri hivyohivyo. Mwishowe chupa ya theluthi ya lita itauzwa ghali kuliko ile kubwa ya karibu robo tatu ya lita. Na ile kubwa hainywewi na mmoja. Inawekwa katikati, glasi zinaizunguka. Chupa ndogo ya mtu mmoja ni adabu nyingine kabisa, na hili watetezi wa bia ya ufundi hawaligusi.

Upande wa picha ninampa rafiki yangu haki zaidi. Pembetatu nyekundu ya Bass, bia ya Kiingereza, alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza mwaka 1876, iliingia kwenye mchoro wa Mfaransa Manet wa mwaka 1882, ikiwa juu ya chupa za baa. Mji wetu una karakana ya Le Hangar ya mwaka 1946, iliyowatoa wachoraji Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela aliyechora kwa vidole. Una wachoraji wa mamba muntu, yaani nguva, waliopamba sebule za watu. Kuyaachia kazi yao mabango yanayochapwa mbali ni hasara. Lebo yenye jina la msanii ingewafaa.

Ila lebo huchorwa mara moja. Ukuta huharibiwa na mvua kila mwaka, na kila mwaka mtu analipwa tena. Na viwanda vidogo navyo vina bwana wao: huko Marekani Goose Island ilinunuliwa na wakubwa mwaka 2011, Lagunitas ikaingia Heineken, Anchor yenyewe ikauzwa kwa Sapporo ya Japani mwaka 2017 na kufungwa 2023. Kwa hiyo kama kuna mwenye mtaji hapa mjini, mimi ningemshauri aanze na munkoyo na friji nzuri, hopsi zingoje.

Mchoraji aliposhuka alipewa fedha yake na Tembo moja. Akaomba glasi tatu.