Nyanya wa Upande wa Baba

Nianze kwa kukiri kwamba sheria niliziandika mimi. Hakuna aliyenituma. Tulikuwa wachezaji wanne wa Call of Duty: Mobile, gemu ya vita ya kwenye simu, hatujawahi kuonana uso kwa uso, na kila usiku saa tatu tulikuwa tunaruka na parashuti pamoja hadi kisiwani. Mechi ile huwa na watu 100, na wote waliobaki nia yao ni kukumaliza. Nikaona mahali kama pale bila adabu patazidi kuharibika.

Sheria zilikuwa saba. Ukiingia, salimia. Bunduki iliyoangushwa na mwenzako usiiguse kabla ya kumuuliza. Mwenzako akianguka mwinue kwanza, lawama zitakuja. Mkishindwa, waandikieni walioshinda GG, yaani "mchezo mzuri", hata kama roho inauma. Nyingine mbili zilihusu risasi. Ya saba niliiandika kwa herufi kubwa: USIMSENGENYE MWENZAKO.

Adabu hiyo niliitoa kwenye kibanda cha gemu mtaani Umoja, Nairobi, enzi za PlayStation 2. Mama mwenye kibanda alikuwa mkali kuliko mwalimu wa zamu. Anayefungwa anaamka bila kunung'unika. Anayekula chipsi anapangusa mikono kabla ya kushika pedi. Kucheza na mtu aliye mji mwingine hatukukuota hata ndotoni. Kabla ya kebo za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilikuwa inapanda hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, halafu irudi. Kwa mwendo huo ungefyatua Jumatatu, risasi ifike Jumanne, adui ameshahama nyumba.

Sasa kikosi changu. Daktari wa Risasi ni mama wa watoto watatu, yuko Kisumu, na hucheza wakishalala, kwa hiyo huamrisha vita kwa kunong'ona. Simba wa Rongai ni makanga wa matatu. Kifaranga yuko chuo, Juja. Huyu wa mwisho niliwahi kumfungia siku mbili kwa kumwita mgeni mmoja ng'ombe. Aliomba msamaha kwa heshima zote, nami nikamsamehe kwa sauti ya askofu.

Mimi mwenyewe ni fundi wa simu, Luthuli Avenue. Maikrofoni ya simu naibadilisha huku nikipiga stori. Naomba mlikumbuke hilo.

Ilikuwa tarehe saba. Kwenye ploti yetu Pipeline, mwisho wa kulipa kodi ni tarehe tano. Nilikuwa nimejifungia chumbani, spika za masikioni zimeziba vizuri, pakiti ya chipsi iko mapajani. Tulikuwa tumebaki vikosi vitatu tu kisiwani. Nikataka kumung'unya kwa starehe bila wenzangu kusikia meno yangu, nikagusa alama ya maikrofoni ili niizime. Kidole kilikuwa na mafuta. Kikateleza, kikagusa mara mbili. Ikazimika, ikawaka tena, na mimi macho yangu yako kwenye kilima kile adui alikojificha.

Nikaanza kujisemea. "Huyu Simba anakimbia kama mbuzi anayevuka Outer Ring Road. Na Dakta naye, risasi anazimwaga kama maji ya kuoshea sufuria." Halafu nikamwona adui, nikasahau niko wapi, nikapiga kelele: "Kushoto! Adui yuko kushoto!"

Mlango ukagongwa.

"Fundi! Fungua, kijana. Najua uko ndani." Keateka, msimamizi wa ploti.

Nikasimama, simu mkononi, nikanyata hadi mlangoni. Sijui ni shetani gani aliyenishauri nibadilishe sauti.

"Fundi hayuko, mzee. Amesafiri Kakamega. Amefiwa na nyanya yake."

"Nyanya yake si alizikwa Januari?"

"Yule alikuwa wa upande wa mama. Huyu ni wa upande wa baba."

"Wa upande wa baba mlimzika Agosti. Kijana, nyanya zako ni nyingi kuliko za soko la Marikiti."

Nikanyamaza. Akaendelea: "Na wewe ni nani?"

"Binamu yake."

"Na huyo adui wa kushoto ni nani?"

"Nilikuwa kwa maombi, mzee. Nilikuwa nasema adui ashindwe."

"Ashindwe," akaitikia kwa mazoea, maana ni mtu wa kanisa. Kisha akajishtukia. "Binamu, Fundi akimaliza kuzika, mwambie kesho saa kumi na mbili asubuhi niko hapa na kufuli."

Viatu vyake viliposhuka ngazi, nikatazama simu. Askari wangu alikuwa bado amesimama wima katikati ya uwanja, kama sanamu ya kutishia ndege. Miguuni pake kulikuwa na mabaki ya wenzangu watatu. Ndipo nikaelewa: waliponiona siendi mbele wala nyuma, walikuja kunizunguka. Wakarusha mabomu ya moshi kunificha, wakaanguka mmoja baada ya mwingine, wakimlinda mtu aliyekuwa anamzika nyanya wa tatu. Kabla sijashusha pumzi, na mimi nikapigwa.

Nikaona alama ya maikrofoni. Inawaka.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Simba akaandika "GG" kwa walioshinda, kama sheria inavyotaka. Dakta akanong'ona, "Pole sana kwa msiba, Fundi. Watoto wameamka, usiku mwema." Wakatoka wote.

Baada ya dakika kumi simu ikalia. M-Pesa: shilingi 200 kutoka Kisumu, na ujumbe kando, "Rambirambi. Maji ya sufuria nitajitahidi kuyapunguza." Ikafuata 150 ya Simba: "Ni pole kutoka kwa mbuzi." Mwisho Kifaranga, 50, na maneno haya: "Tunaomba kujua, mtu akivunja sheria ya saba anafungiwa siku ngapi? Nauliza kwa heshima."

Sikulala. Saa kumi na moja nilikuwa Donholm kukopa kwa dada yangu, na saa kumi na mbili keateka alinikuta mlangoni na pesa kamili. Akazihesabu mara mbili, akauliza kama binamu ameshaondoka. Nikasema ameondoka.

Siku mbili sikuingia kisiwani, kifungo changu nikakitumikia. Siku ya tatu nikawarudishia rambirambi zao, kila mtu na yake, na ada ya kutuma juu yangu. Dakta akapokea. Simba akapokea, akaniambia niwasalimie wa Kakamega. Kifaranga peke yake alizituma tena, zile zile 50.

"Weka tu, Fundi," aliandika. "Desemba haiko mbali, na babu zako wote bado wazima."