Watti 18 zangu na giza la avenyu nzima

Jumamosi jioni kabini ya kwetu Katuba, yaani kile kibanda cha transfoma, ilipiga mlio mmoja tu, tukalala gizani siku tatu. Kwenye kikao cha mchango wa kuitengeneza, mama mmoja akaninyooshea kidole mbele ya watu: "Yaya, kile kimashini yako njo inaleta hii shida yote!" Na watu wakaitikia. Mjini Lubumbashi ukisema unachimba, wanakuuliza shaba au kobalti. Mimi nachimba bitcoin, pesa ya mtandaoni, kwa mashini chumbani, kwa hiyo lazima ni mchawi.

Kimashini chenyewe ni Bitaxe, kikompyuta cha kuchimba bitcoin tu. Kinatosha kiganjani, kinakula watti kama 18, na feni yake haimwamshi mtoto. Mwezi mzima, usiku na mchana, hakifiki uniti 14. Resho ya yule mama, jiko lake la umeme, anayoipikia maharagi tangu saa nane, inapita watti 1,000. Sikumwambia. Bukari yake, ugali wa kwetu, nimekula mara nyingi mno.

Mwenye kesi yuko mwisho wa avenyu, kijana mwenye Antminer S9 mbili za mtumba, mashini kubwa za kuchimba bitcoin. Kila moja inataka watti kama 1,300 na inanguruma kama kinu cha kusaga unga, ukuta kwa ukuta na bibi mgonjwa. Nilipomfuata alicheka: "Yaya, tuko kwa forfe. Bei ni ileile, nijinyime nini?"

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira haijaisha. Forfe maana yake bili haihesabu. Waya unahesabu! Umeme ukidhoofika saa moja usiku, balbu ya zamani ya waya inafifia, inakula kidogo. Mashini yake haifanyi hivyo. Kisanduku chake cha kulisha umeme kinataka watti zilezile daima, kwa hiyo volti zikishuka kutoka 220 hadi 180, kinavuta ampea zaidi: kutoka karibu 6 hadi zaidi ya 7. Mara mbili, maana ana mashini mbili. Yaani sisi tunavyozidi kuishiwa, ndivyo yeye anavyozidi kunyonya, na waya unazidi kupata moto, mpaka kabini. Halafu anakuja kwenye mchango na franki zake sawasawa na za yule bibi.

Tunalalamika kila siku kwamba waya wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, tangu 1982 unapita juu ya vijiji visivyo na taa ili migodi ipate umeme. Tunalalamika kwa haki. Kumbe kila mtu anangoja tu apate mgodi wake mdogo.

Na dawa ipo, haina hata gharama kubwa! Weka programu inayokuruhusu kugusa volti za chipu za mashini. Punguza volti asilimia 10, punguza na kasi asilimia 10. Kazi inapungua moja ya kumi, lakini umeme unapungua zaidi ya robo, kwa sababu volti zinahesabiwa mara mbili, zikijizidisha zenyewe, kisha na kasi. Joto likipungua, feni nayo unaipunguza, na kelele zinapungua kabla ya jirani kuanza kukutukana. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwaka mmoja nami nilikuwa na S9 na niliiwasha kwa nguvu zake zote, kwa ujinga tu. Nilipoishusha, mwezi wa saba na baridi yake tuliiweka sebuleni, tukaokoa makala ya mbabula, jiko letu la makaa.

Mtaniambia hata Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba, kule Luviro, mwaka 2020. Ndiyo, kwa umeme wa maji ambao haukuwa na mnunuzi. Wetu una wanunuzi mpaka wanapigana.

Kijana alinirushia swali moja la haki: "Na wewe unapata nini?" Karibu bure. Tangu Aprili 2024 bloku moja, yaani ukurasa mmoja wa daftari la bitcoin ambao mashini zote zinaushindania, inalipa bitcoin 3.125, na kimashini kama changu, kikicheza peke yake, kwa wastani kitangoja zaidi ya miaka 10,000 kushinda moja. Najua. Mke wangu pia anajua, na hunikumbusha.

Nimemwachia kijana kile kiplagi changu cha kupima watti hadi Jumapili. Mchango nimetoa kamili, kwa watti 18. Yule mama amerudisha resho yake mezani tangu jana, na taa yangu inafifia tena ninapoandika haya.