Muache, eko mugonjwa

Nilipokuwa mtoto kule Katuba, Lubumbashi, mtu akitaka kunituma dukani, mama alimkatiza: "Muache ule, eko mugonjwa." Hakuwa na ubaya. Zaidi ya mara moja alinibeba mgongoni usiku kwenda hospitali huku nikilia mifupa, na alijua nikilowa au nikichoka sana maumivu yatarudi. Kwa hiyo ndugu zangu wakienda bombani na bidoni, mimi nilibaki mlangoni kwenye kigoda. Walirudi wamelowa, wanacheka, wanagombana: nani kamsukuma nani kwenye foleni, binti wa nani kapigwa na mama yake mbele ya watu, maji yamekatika bidoni zikiwa nusu. Mimi nilikuwa mkavu, na sikuwa na habari ya kusimulia.

Nina SS. Wenzetu wa Tanzania wanasema selimundu. Huku Lubumbashi herufi mbili zinatosha, na mtu akizitaja hushusha sauti. Chembe nyekundu za damu za mtu mzima huishi siku kama 120. Zangu zinakufa ndani ya siku 10 hadi 20, na zikikosa oksijeni zinajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo macho ya njano, ndiyo kuongezwa damu, ndiyo maumivu ambayo hata leo, kwa miaka yangu 36, sijui kumweleza mtu ambaye hajayapata.

Ukisoma habari za wagonjwa wanaotengwa utakuta matusi, na watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Yapo, siyakatai. Ila mimi sijafukuzwa popote. Nimesamehewa tu. Nimesamehewa kufua, kulima, kubeba, kuchanga, hadi siku moja nikagundua nimesamehewa hata kuhesabiwa.

Siku hiyo naikumbuka. Mjomba alifariki mwezi wa Juni. Wanawake walikuwa wanalala kwenye mikeka, wanaume nje kando ya moto. Usiku yaya, ndugu yangu mkubwa, akanishika mkono: "Rudi kwako, hii baridi itakuua." Alikuwa na haki. Usiku wa Juni kwetu unaweza kushuka chini ya digrii 10, na baridi ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu ya SS. (Siku ya kimataifa ya ugonjwa wetu imewekwa tarehe 19 Juni. Aliyeichagua hakuwahi kulala matanga Lubumbashi.) Basi nikarudi kulala kwangu.

Asubuhi nikakuta daftari la kotizasio, michango ya msiba, juu ya meza. Majina yote yapo: yaya, wadogo zangu, shemeji, hata binamu ambaye hajashika kazi tangu tumjue. Langu halipo. Nikauliza. "Wewe una dawa za kununua," yaya akasema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniuma. Mimi ni fundi wa nguo, na harusi mbili za mwezi ule nilikuwa nimezishonea mimi. Nikafungua fundo la kitenge mbele yake, nikatoa faranga 20,000, nikamwambia aandike. Akaandika chini kabisa, baada ya jina la mpangaji.

Kwenye ndoa huruma inakuwa na kucha. Nilichumbiwa nikiwa na miaka 25. Familia ya kijana iliposikia, shangazi yake akasema nitawaletea makaburi ya watoto, na mambo yakaishia hapo. Mimi nilikuwa na karatasi ya elektroforezi, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ana SS, najua nilivyo. Yule kijana hakuwahi kupimwa, na hakuna aliyemwomba. Kama alikuwa AA, yaani hana ugonjwa wala haubebi, watoto wetu wote wangekuwa AS: wanabeba, hawaumwi. Kama alikuwa AS, kila mimba ingekuwa na nusu kwa nusu ya kuzaa mtoto wa SS. Alioa mwingine, mnene na mwenye afya, hakuna aliyepimwa. Na AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Wazazi wangu walikuwa hivyo hivyo, wazima wote wawili, wakicheza dansi Kamalondo kila Jumamosi. Sisemi ilikuwa lazima anioe. Mimba kwa mwanamke wa SS ina hatari zake na inataka daktari wa karibu, mtu anaweza kuliogopa hilo na nikamwelewa. Lakini apimwe kwanza, halafu aogope kitu anachokijua.

Mwaka huu niliomba kuingia likelemba ya mafundi wenzangu, watu kumi, tunachanga kila Jumapili na kupokea kwa zamu. Walisita. Mmoja, mama ninayemheshimu sana, akasema wazi: "Ukilazwa, nani atatulipia?" Nilimshukuru. Kwa mara ya kwanza mtu alinikatalia kwa sababu ya pesa yake, si kwa sababu ya mifupa yangu, na swali la pesa lina jibu. Nikawaambia waniweke wa mwisho kupokea. Anayekula kwanza ndiye mwenye deni. Wa mwisho anawadai wote. Nikilazwa katikati, nitakayepoteza ni mimi. Wakatazamana, wakahesabu kwa vidole, wakakubali.

Tumefika wiki ya saba. Wiki ya nne nililazwa siku tatu, pesa yangu ikapelekwa na mwanafunzi wangu wa cherehani kabla ya saa sita mchana. Jumapili hii tunakutana kwangu. Nimenunua sukari na majani ya chai, viti viwili nimeazima kwa jirani, na jirani ameuliza kama nimeanza tena kuumwa, maana watu wengi hivyo huja kwangu kumwona mgonjwa tu.

Nimemwambia aje na kikombe chake, vyangu havitatosha.