Clara ana mizimu, Pancha ana nini?

Ukifungua La casa de los espíritus (Nyumba ya Mizimu), riwaya ya Isabel Allende wa Chile iliyotoka mwaka 1982, hukawii kukutana na binti mwenye nywele za kijani na mdogo wake, Clara, anayesogeza kibakuli cha chumvi mezani bila kukigusa. Wahakiki wetu huuita mtindo huu uhalisiamazingaombwe. Neno hilo linanikwaza kidogo, maana mazingaombwe tunayajua: mtu anatoa njiwa kofiani, watoto wanapiga makofi. Kwa akina Clara hakuna anayepiga makofi. Kibakuli kinasogea, watu wanaendelea kula.

Lawama ya siku nyingi ni kwamba Allende alimnakili Gabriel García Márquez wa Kolombia na riwaya yake ya 1967, Cien años de soledad (Miaka Mia ya Upweke). Ukoo mmoja, vizazi kadhaa, mrembo asiye wa dunia hii, maandishi yanayomsubiri msomaji. Kufanana kupo, tusibishe. Ila hapa wanaoshika kalamu ni wanawake: Clara anajaza madaftari miaka hamsini, na mjukuu wake Alba ndiye anayeyafumua. Isitoshe, maajabu yanapungua kadiri mapinduzi ya kijeshi yanavyokaribia. Riwaya haitaji nchi wala mwaka, lakini ni Chile, Septemba 11, 1973. Rais aliyepinduliwa, Salvador Allende, alikuwa binamu wa baba wa mwandishi. Alba anapofungiwa kwenye chumba kama kibanda cha mbwa, mzimu wa bibi yake unamjia, lakini haufungui mlango. Unamwambia tu asitamani kufa, aandike kichwani.

Hapo mwandishi amenishinda. Anaponikwamisha ni kwa Pancha García, msichana wa shambani Tres Marías. Mwenye shamba, Esteban Trueba, anambaka; mama yake na bibi yake nao walipitia hayohayo. Kibandani kwake hakuna kibakuli kinachosogea. Hana mzimu, hana daftari. Alicho nacho ni kinyongo, anachomlisha mjukuu wake, naye anakua, anakuwa kanali, na ndiye anayemtesa Alba. Trueba je? Amepewa kurasa za kusema "mimi", na anakufa kitandani mwake, mjukuu wake Alba pembeni, jina la Clara mdomoni.

Watetezi wana hoja nzito. Kitabu kilianza Januari 8, 1981, kama barua kwa babu aliyekuwa akifa, naye Isabel Allende yuko uhamishoni Caracas, Venezuela. Nani angeandika barua ya namna hiyo ili amnyonge babu yake? Na hiyo "mimi" ya Trueba inamuumbua kuliko hukumu yoyote. Alba mwenyewe anaona kwamba alichotendewa ni deni la Pancha lililorudi, akaamua kutolipiza kisasi.

Naikubali hoja hiyo nusu. Alba anasamehe yake, na ni haki yake. Ya Pancha hakuna aliyemuuliza, na alishakufa zamani, bila hata nafasi ya kurudi usiku kama Clara.

Riwaya inafungwa kwa sentensi ileile iliyoifungua, iliyotoka kwenye daftari ambalo Clara alilianza akiwa mtoto: Barrabás aliifikia familia kwa njia ya bahari. Barrabás ni mbwa.